Sifuri si sawa na kimya

Juzi nilijaza fomu ya bima kwenye intaneti. Nafasi ya idadi ya watoto niliiacha wazi, nikitaka kwanza kuuliza kama mpwa wangu yatima ninayemlea naye anahesabiwa. Majibu yakaja: watoto 0. Wanangu watatu na yatima wangu, wote wamefutwa kwa sababu nilinyamaza.

Mashine haina kosa. Katika JavaScript, lugha ya kuandikia programu za kurasa za intaneti iliyozaliwa mwaka 1995, nafasi tupu ukiigeuza kuwa namba unapata 0. Hali kadhalika, 2 na 3 zikiingia kama maandishi, ukizijumlisha unapata 23, si 5.

Basi mwandishi wa programu ana kazi mbili. Kwanza, akague kinachoingia: ni namba kweli, au ni maandishi? Pili, apime ni kitu gani kiwekwe pale mtu asipojaza. Mara nyingine haki ni kutoweka chochote, bali kuirudisha fomu.

Karani wa zamani akiona pengo aliinua kichwa: "Bwana, hapa vipi?" Programu nayo ifundishwe kuuliza. Sifuri ni jibu. Kimya si jibu.