Ramani ya Nyumba ya Wazee: Itafute Kabla ya Kubomoa Ukuta



Nyumba nyingi za zamani hapa Mombasa zimeingia mikononi mwa warithi. Babu kafa, baba kafa, nyumba wamebaki nayo ndugu sita au saba, na kila mmoja ana lake. Huyu ataka kupandisha ghorofa, yule ataka mlango wake upande wa barabarani, na aliye Ughaibuni ataka iuzwe apewe fungu lake. Fundi akiitwa huuliza: ramani iko wapi? Hapo watu hutazamana.

Fundi ana haki ya kuuliza. Bila ramani hujui ukuta upi umebeba dari na upi ulitiwa kugawa chumba tu. Hujui shimo la choo la zamani limefunikwa chini ya chumba gani. Ukuta ukivunjwa kwa kubahatisha, walio juu ndio watakaolipa.

Kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Hati miliki na ramani ya upimaji iliyo pamoja nayo huonyesha mipaka ya kiwanja. Hazionyeshi vyumba, kuta wala ngazi. Ramani ya nyumba ni karatasi nyengine kabisa, ile iliyopelekwa kwa baraza la mji kuombewa kibali cha kujenga. Mtu aweza kuwa na hati safi na asiwe na ramani.

Hata hivyo hati itakusaidia, kwa sababu ina namba ya kiwanja. Kisiwani Mombasa viwanja hujulikana kwa bloku zenye namba za Kirumi, kisha namba ya kiwanja chenyewe. Shika namba hiyo, usitegemee jina la barabara. Digo Road zamani ilikuwa Salim Road, na Moi Avenue ilikuwa Kilindini Road. Ukiuliza faili la mwaka wa 1955 kwa jina la leo, karani atakwambia halipo naye asiwe amesema uongo.

Ukishapata namba, anza nyumbani kabla ya ofisini. Uliza nani katika ukoo aliyeachiwa sanduku la makaratasi. Kwetu sisi alikuwa shangazi. Ramani ya nyumba yenyewe hatukuiona, lakini tulipata ramani ya jiko na choo vilivyoongezwa uani baadaye. Karatasi hiyo moja ilitufunza jambo kubwa: ukuta ambao ndugu zangu walitaka kuuvunja, wakidhani ni wa katikati, ndio uliokuwa ukuta wa nje wa nyumba ya asili. Ukuta huo umesimama mpaka leo.

Baada ya hapo nenda kaunti. Serikali za kaunti zilipoanza mwaka wa 2013 zilirithi kazi na mafaili ya mabaraza ya zamani. Ulizia idara ya ardhi na mipango, upande wa vibali vya ujenzi. Nenda na namba ya kiwanja, jina la aliyejenga kama lilivyoandikwa wakati ule, na mwaka wa kukisia. Ukiambiwa urudi kesho kila siku, andika barua. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka wa 2016 inaitaka ofisi ikujibu ndani ya siku 21. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili. Weka nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa.

Wenye nyumba bila shamba, yaani nyumba ni yako na ardhi ni ya mwengine, njia yao ni ndefu kidogo. Hati ya ardhi haina jina lao. Hao watafute stakabadhi za kodi ya ardhi. Humo huenda wakapata jina la mwenye shamba na namba ya nyumba, na kwa hizo wataweza kuulizia faili.

Nyumba za Mji wa Kale zina mlango mwengine. Ziko katika eneo la uhifadhi, na chini ya Makumbusho ya Taifa kuna ofisi inayoshughulikia uhifadhi wa Mji wa Kale. Majumba mengi yaliwahi kuchunguzwa mpango wa uhifadhi ulipotayarishwa, kwa hivyo ulizia kama lenu limo. Huko utakwenda hata ukiwa na ramani, maana hubadilishi uso wa jumba hapo bila idhini. Lamu ni vivyo hivyo, na mji wake umo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2001.

Sasa tuseme ukweli. Jumba la mawe la miaka 150 huenda halikuchorwa kamwe. Fundi wa zamani alipima kwa boriti. Mti wa mkoko hauvuki nafasi kubwa, ndiyo maana vyumba vile ni virefu lakini upana wake ni kama mita 2.5 hadi 3 tu. Kwa hivyo inua macho utazame dari: kuta ambazo boriti zimelalia ndizo zilizobeba nyumba, usiziguse. Kisha mlipe msanifu aipime nyumba ilivyo sasa na kuichora, na mhandisi azikague kuta. Pima nje, pima ndani. Palipo na tofauti isiyoelezeka pana mlango uliozibwa au ukuta ulioongezwa. Mchoro huo ndio utakaokuwa ramani yenu, na ndio utakaopelekwa kaunti kuombewa kibali.

Gharama ipo, na warithi hupenda kuikwepa. Lakini kumbukeni kwamba kadhi hugawa mafungu, hagawi kuta. Atasema mjane ana thumuni akiwa marehemu ameacha watoto, na mwanamume mafungu mawili kwa moja la dada yake. Ngazi ni ya nani, kisima ni cha nani, na nyumba ikatike wapi bila kuanguka, hayo yataka mchoro ambao ndugu wote wameuona. Ukipatikana, kila mrithi apewe nakala yake, na aliye Ughaibuni atumiwe.