Je, Wajua? Ujumbe wa "Ile Hela" Hautaji Jina la Anayeandikiwa

Ujumbe mfupi wa "ile hela tuma kwenye namba hii", uliozoeleka mno nchini Tanzania, kwa kawaida hautaji jina la anayeandikiwa wala kiasi, kwa kuwa tapeli huusambaza kwa namba nyingi asizozijua akitarajia kwamba miongoni mwa wapokeaji yumo mzazi aliyekwisha kuahidi kumtumia mwanawe ada au nauli, naye atatuma bila kupiga simu kuuliza. Hatari zaidi kwa wazee ni muamala bandia, yaani ujumbe ulioandikwa kwa kuiga taarifa ya kupokea fedha, ambao hufuatwa papo hapo na simu ya mtu anayelalamika kwamba amekosea namba na kuomba arudishiwe. Ilhali ujumbe huo kwa kawaida hutoka kwenye namba ya simu ya mtu binafsi, na salio likiangaliwa huwa halijaongezeka hata shilingi moja. Aliyekosea kweli hupaswa kuiomba kampuni ya simu irejeshe fedha hizo. Ni ukatili kuwaita wazee hawa wajinga, kwani kinachotumiwa dhidi yao ni huruma yao. Namba ya tapeli huripotiwa kwa ujumbe mfupi kwenda 15040.