Mashine Haisimami Kizimbani

Mnamo Novemba 2022, abiria mmoja nchini Kanada alifiwa na nyanya yake. Kabla ya kusafiri kutoka Vancouver hadi Toronto, alitafuta nauli nafuu ya wafiwa katika tovuti ya shirika la ndege la Air Canada. Aliyemjibu hakuwa karani bali programu ya tarakilishi: anunue tikiti, kisha adai punguzo kabla ya siku 90 kupita. Alipodai, shirika likakataa. Kanuni zake hazikuruhusu punguzo baada ya safari.

Shauri lilipofika mbele ya baraza la madai la mkoa wa British Columbia, shirika lilijitetea kana kwamba programu ile ni nafsi ya kisheria inayojitegemea, na kosa ni lake yenyewe. Mnamo Februari 2024 baraza liliitupilia mbali hoja hiyo, likaamuru abiria alipwe takriban dola 812 za huko.

Fedha hizo ni haba. Hoja yenyewe, wasomaji wapenzi, ndiyo inayonikosesha usingizi. Katika mashirika makubwa, mfumo hununuliwa na idara moja, hulishwa data na nyingine, hutumiwa na ya tatu. Kosa likitokea, kila mmoja humnyoshea mwenzake kidole, na hatimaye vidole vyote huielekea mashine, ambayo haifutwi kazi wala haisimami kizimbani.

Akili bandia za leo zina makuu zaidi, kwani hujitungia majibu, hata ya uongo, kwa lugha fasaha. Fauka ya hayo, hupokea siri. Mwaka wa 2023 Samsung iliwapiga marufuku wafanyakazi wake kutumia ChatGPT na programu za aina hiyo, baada ya baadhi yao kuingiza humo msimbo wa siri wa kampuni. Hapakuwa na mwizi aliyevunja mlango. Wenyeji ndio walioitoa mali nje, yamkini kwa nia njema ya kurahisisha kazi.

Kufuli pekee, basi, hazitoshi. Kabla mfumo haujaachiliwa kwa umma, sharti pawe na mtu anayejulikana kwa jina na cheo, mwenye mamlaka ya kuuzima, na anayekagua unacholishwa na unachokinena.

Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 humpa mwananchi, ila katika hali chache, haki ya kutoamuliwa na mashine peke yake katika jambo linalomwathiri pakubwa. Mwalimu aliyenyimwa mkopo na tarakilishi ya benki anaweza kuomba uamuzi ufikiriwe upya. Je, katika benki hiyo, barua yake itawekwa kwenye meza ya nani?