Mchakato uliopwelewa si mchakato mfu

MSOMAJI mmoja wa Likoni ameniuliza: seva ya baruapepe ikigoma, tuseme ‘imekwama’, ‘imeganda’ au ‘imekufa’? Mtaani jibu ni moja tu: “Imehengi.” Ila neno hilo lafunika mambo mawili, na kila moja lina dawa yake.

Ndani ya seva mna michakato mingi: mmoja hupokea barua, mwingine huzipanga foleni, mwingine huzisafirisha. Mchakato mzazi huzaa wana na kuwagawia kazi.

Jambo la kwanza ni mchakato hai unaongoja kitu kisichokuja, aghalabu jibu la diski. Katika orodha ya michakato ya Linux, alama yake ni herufi D. Huo hausikii hata amri kali ya kuua, mpaka diski ijibu. Sisi wa pwani tuna neno lake: kupwelewa. Mashua iliyoachwa na maji juu ya mchanga haijavunjika. Yangoja maji yajae. Hapa fundi hukagua diski au mtandao wa kuifikia.

La pili ni mchakato uliokwisha kufa, lakini mzazi wake hajapokea taarifa ya kifo. Alama yake ni Z. Hautumii kumbukumbu wala nguvu za tarakilishi. Umebaki jina tu kwenye orodha. Kuuamuru ufe tena ni kazi bure. Anayeshughulikiwa ni mzazi: akizimwa, mwana huwa yatima, kisha mchakato namba 1 humlea na kumfuta orodhani. Wafu wachache hawadhuru. Wakirundikana hadi orodha ijae, hakuna mchakato mpya utakaozaliwa, na barua hazitapokelewa.

Wako wanaouita ‘msukule’. Sikubaliani nao. Msukule, katika imani za watu, hutumikishwa. Mchakato huu haufanyi kazi yoyote. ‘Mchakato mfu’ latosha.

Kwa wakala wa forodha pale Changamwe anayesubiri hati za mzigo, tofauti hii si ya kamusi tu. Fundi akiambiwa “imehengi”, mkono huenda kwenye swichi. Seva nzima yazimwa na barua za wote zasimama, hata zilizokuwa zikienda vizuri. Akiambiwa ‘umepwelewa’, ataangalia diski. Akiambiwa ‘ni mfu’, atamtafuta mzazi. Kwa hivyo napendekeza tuyatenge maneno haya mawili, na ‘kuhengi’ tuliachie gumzo la barazani.