Haki ya Ihefu katika Maji ya Ruaha Mkuu

Mchele unaosifika mijini kwa jina la mchele wa Mbeya, ambao wengi wetu huutafuta sokoni Idi inapokaribia, sehemu yake kubwa hutoka katika majaruba ya bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Taa za majumbani mwetu nazo zimetegemea kwa miaka mingi mabwawa ya Mtera na Kidatu, ambayo hupata sehemu ya maji yake kutoka bonde hilo hilo. Baina ya jaruba na bwawa kuna kinamasi kiitwacho Ihefu. Ni familia chache zinazokijua, ingawa sote tuna fungu letu ndani yake.

Ndugu wasomaji, kazi ya Ihefu ni kuweka akiba. Mito ya Chimala, Kimani, Mbarali, Ndembera na Ruaha Mkuu wenyewe huteremka kutoka nyanda za juu na kutandaza maji ya mvua katika tambarare. Humo, katikati ya matete na nyasi, maji hupunguza mwendo, tope hutuama, na mafuriko hutulia. Mahali pa kutokea, paitwapo Ng'iriama, pana kizingiti cha mwamba. Maji yakiwa juu ya kizingiti hicho, mto hutiririka kuelekea Hifadhi ya Taifa ya Ruaha na bwawa la Mtera hata wakati wa kiangazi. Yakishuka chini yake, mto hukatika, hata kama kinamasi bado kina maji.

Ndivyo ilivyotokea mwaka 1993, Ruaha Mkuu ulipokauka ndani ya hifadhi mwishoni mwa kiangazi. Tangu hapo hali hiyo imejirudia mara nyingi, na viboko husongamana katika madimbwi machache yanayobaki. Mashamba ya umwagiliaji yalikuwa yamepanuka, na mabanio ya saruji yaliweza kuchepusha karibu maji yote ya mto mdogo. Baya zaidi, mifereji mingi iliachwa wazi hata baada ya mpunga kuvunwa, maji yakatawanyika katika mashamba yasiyo na mazao na kupotelea juani.

Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Usangu pamoja na ng'ombe wao, na mwaka 2008 Ihefu iliingizwa ndani ya hifadhi. Familia nyingi zilihama na kupata hasara kubwa. Hata hivyo, mto uliendelea kukauka. Funzo lake ni wazi: mpaka wa hifadhi waweza kulinda majani na ndege, lakini maji ya kinamasi hutoka nje ya mpaka huo. Anayepanga kuilinda Ihefu bila kupanga matumizi ya mito iliyo juu yake hulinda chombo na kusahau kinachokijaza. Naye anayegawa maji ya mito bila kuitaja Ihefu hugawa akiba asiyoijua.

Kwa hiyo tunasema kwamba ardhioevu ihesabiwe kuwa mtumiaji wa maji mwenye haki, wala isiachiwe mabaki. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 imetanguliza mahitaji ya nyumbani, kisha mazingira, kabla ya matumizi mengine. Kinachotakiwa ni kuitafsiri sheria hiyo Usangu: mpango wa bonde uweke kina ambacho maji ya Ihefu yasishuke chini yake, nao vibali vya umwagiliaji vitolewe kutokana na kinachobaki baada ya hapo. Mabanio yafungwe mavuno yanapokwisha. Na jumuiya za watumia maji ziwakutanishe mkulima, mfugaji, mvuvi na mama anayebeba ndoo, wa juu kwa wa chini.

Hatumlaumu mkulima wa mpunga. Jaruba lake ndilo ada ya shule na posa ya kijana wake, na kumwambia aache kulima ni kumdhulumu. Tunamwomba afunge lango wakati shamba lake halina haja ya maji, na tunaitaka serikali imsaidie kutengeneza mifereji isiyovuja na visima vya nyumbani, ili asilazimike kuacha mfereji wazi kwa ajili ya ndoo mbili za kupikia.

Wazazi wanaowasomesha watoto sira wanaijua hukumu ya Mtume (SAW) kuhusu maji ya bonde la Mahzur, Madina: aliye juu ayazuie mpaka yafike vifundo vya miguu, kisha amwachilie aliye chini. Aliye juu hakunyimwa haki yake, bali iliwekewa kikomo, kwa kuwa jirani wa chini naye ana haki. Ihefu ni jirani wa chini wa kila banio la Usangu, na nyuma yake wamo majirani wengine wengi, hadi sisi tulio mijini.

Basi sufuria ya wali itakapopanda jikoni Idi ijayo, tuwasimulie watoto wetu safari ya maji yaliyoukuza mchele huo. Tuwaeleze kwamba njiani pana kizingiti cha mwamba, na kwamba maji yakishindwa kukivuka, kuna jirani aliyenyimwa fungu lake.