Gaju alipolala chini baada ya kuzaa

Wamama wenzetu, wiki iliyopita tuliitwa saa kumi na moja alfajiri kwa mwenzetu mmoja, mjane, huku kwetu Masisi. Ng'ombe wake Gaju alikuwa amezaa jioni, mtoto wa nne, bila shida. Usiku akaanza kuyumba. Tulipofika tulimkuta amelala, shingo imepinda ubavuni, masikio baridi, pua kavu. Gaju ana damu ya ng'ombe wa kizungu, maziwa yake ni mengi, na ndiyo yanayolipa minervali ya watoto watatu.

Baba jirani alikwisha kumwita mchinjaji. "Mama, leo ni nyama, kesho ni mzoga." Mwingine alileta chupa ya mafuta na majani amnyweshe. Tulikataa. Ng'ombe aliyelegea hivyo hamezi vizuri. Unachomimina kinaingia mapafuni, na hicho ndicho kinamuua.

Ugonjwa huu unaitwa homa ya maziwa, jina la kudanganya, maana mwili unapoa. Kalsiamu ya damu inakimbilia maziwa ya kwanza upesi kuliko mifupa inavyoweza kuirudisha. Misuli inalegea, mwisho hata moyo. Bila dawa anaweza kufa siku hiyohiyo.

Mmoja wetu alipanda pikipiki kumtafuta veterineri. Tuliobaki tulimwinua Gaju akalie kifua, tukamkaza kwa magunia ya majani makavu pande zote mbili, kwani akilala ubavu tumbo linajaa hewa. Nyasi kavu chini, blanketi mgongoni. Kila baada ya muda tulimgeuza, watu sita, tukihema: mguu unaolaliwa sana unaharibika, na ng'ombe anaweza kupona ugonjwa akashindwa kusimama. Ndama hakuweza kungoja. Tulikamua kidogo tu, ya kumtosha yeye, tukamnywesha kwa chupa. Kumaliza kiwele chote siku ya kwanza ni kuzidi kumnyang'anya mama kalsiamu.

Veterineri alifika jua limepanda. Aliipasha chupa ya kalsiamu katika maji ya vuguvugu, akaipitisha kwenye mshipa wa shingo polepole, sikio lake kifuani mwa Gaju. Ukiharakisha, moyo unasimama. Kwa hiyo msikubali mtu yeyote wa sokoni awachomee dawa hii mshipani. Chupa haijaisha, Gaju akatetemeka, akabeua, akatoa mavi. Tulipiga vigelegele kwa ajili ya mavi! Baadaye kidogo alisimama, na mwenzetu akakaa chini, akalia.

Kesho yake alilegea tena, kama veterineri alivyotuonya, akapewa dawa mara ya pili. Sasa anakula.

Pesa ya dawa ilitoka kwenye likirimba. Jumamosi tutapanga namna ya kuirudisha. Mwenye ng'ombe wa maziwa anayekaribia kuzaa mara ya tatu au zaidi atuambie mapema, ili tulale naye usiku huo kwa zamu.