Sumaku na umeme usiokwama: maadui chumba kimoja

Wadau, waya wowote wa kawaida ukipitisha umeme unapata joto, na joto hilo ni umeme unaopotea bure. Mwaka 1911 Heike Kamerlingh Onnes, pale Leiden, Uholanzi, aliipoza zebaki mpaka nyuzi -269 hivi, ukinzani ukaisha kabisa! Vitu vya namna hiyo huitwa supakondakta.

Siri yake ni kwamba elektroni hutembea mbili mbili, spini ya moja ikielekea juu na ya mwenzake chini (spini ichukulieni kama kijisumaku). Sasa sumaku ndiyo fitina: inataka zote zielekee upande mmoja. Ukilaza utando wa niobiamu juu ya utando wa chuma, jozi zikivuka tu zinavunjika ndani ya nanomita chache.

Ila kabla ya kufa zinafanya kituko. Wimbi lao linapinduka, na unene wa sumaku ukiwa sawasawa, mkondo unageuza alama yake. Ryazanov na wenzake walilipima hilo Urusi mwaka 2001, wakiweka mchanganyiko wa shaba na nikeli katikati ya niobiamu.

Kali zaidi ni ya Delft, 2006: umeme ulivuka sumaku kali ya kromiamu oksaidi, nanomita mia kadhaa. Jozi zilikuwa zimegeuka, spini zote upande mmoja!

Watafiti wanatafuta humo memori za kompyuta zisizokula umeme. Kikwazo ni baridi yenyewe: friji la nyumbani halifui dafu, inatakiwa heliamu, na bei yake msiulize.